Matofali ya Kufungamana: Anza na Udongo wa Kiwanja Chako

Habari zenu, na karibuni kiwanjani. Nipo nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande wa Nala. Ni saa moja asubuhi, jua bado lina huruma. Nyuma yangu mnaona shimo, rundo la udongo mwekundu, mashine ya mkono na mifuko michache ya saruji. Lori la mchanga hamlioni, wala kuni za tanuru. Kuta za nyumba itakayosimama hapa zitatoka humo shimoni.

Mara nyingi naulizwa nyumba inayotunza mazingira inajengwa kwa vifaa gani, kana kwamba kuna duka la vifaa hivyo mahali fulani. Mimi naangalia mambo mawili tu: umbali na moto. Kila kinachoingia kiwanjani, jiulize kimetoka wapi, na kimepikwa kwa moto kiasi gani. Tofali la kuchoma limekula kuni, na kuni hizo zilikuwa miti kwenye kilima cha mtu. Saruji nayo hupikwa kiwandani kwa joto la karibu nyuzi 1,450, na mawe ya chokaa yakiungua hutoa hewa ya ukaa yao wenyewe, ukiacha ile ya moto. Kwa dunia nzima, saruji inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Leo hatuiachi saruji, tutaitumia kwa kubana sana.

Wenyeji wa huku walijenga bila saruji kabisa. Aliyewahi kuingia kwenye tembe la Wagogo saa saba mchana anajua ule ubaridi wake: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, na nje jua linapasua vichwa. Tembe linasumbuliwa na maji. Mvua ikizidi, udongo unalainika. Basi kazi yetu leo ni kuushindilia udongo huohuo kwa nguvu na kuuongezea saruji kidogo, ili maji yasiushinde.

Tofali lenyewe ni hili. Sogeza kamera. Urefu sentimita 30, upana 15, kimo 10. Juu lina vichomozo, chini lina mashimo, kwa hiyo vichomozo vya la chini vinaingia kwenye mashimo ya la juu, bila udongo wa kujengea, yaani ule mchanganyiko wa mchanga na saruji, katikati. Hapa Tanzania matofali haya yalienezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, kwa jina la matofali ya kufungamana. Mashine ya kuvuta kwa mkono ina ukoo wa mbali: ilitokana na CINVA-Ram, mashine aliyoibuni mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950.

Sasa tuanze, na tunaanza na udongo. Nitakaa hapa muda mrefu kuliko mnavyotarajia, kwa sababu ndipo watu wanapopotezea pesa. Mimi mwenyewe matofali yangu 400 ya kwanza niliyafyatua kwa udongo wa juu, ule wenye mizizi na majani yaliyooza, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuchimba. Kisha nikayaanika juani kama tunavyoanika mahindi. Baada ya wiki, ukipitisha kidole gumba pembeni mwa tofali linamomonyoka. Mifuko sita ya saruji ikaenda hivyo. Inaniuma mpaka leo, na sitaki ikupate.

Kwa hiyo, ondoa kwanza tabaka la juu lenye rangi ya giza, sentimita 30 hadi 50 hivi, na uliweke kando. Hilo ni la bustani. Tunachotaka ni udongo wa chini yake, huu mwekundu. Ukichimba ukakuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika, usijisumbue nao. Unavimba na kusinyaa kupita kiasi.

Chukua udongo kutoka sehemu tatu tofauti za shimo, uchanganye, kisha chukua chupa angavu iliyonyooka pembeni. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji mpaka karibu na mdomo, tia chumvi kidogo, funga, utikise kwa nguvu. Iache saa moja, itikise tena, kisha iweke mahali ambapo watoto hawataigusa mpaka kesho.

Hii hapa ni ya jana. Tazama tabaka zake. Chini kabisa mchanga na vijiwe, vilituama ndani ya dakika moja. Katikati vumbi laini. Juu kabisa, utando huu mwembamba unaoteleza, ndio mfinyanzi, na umechukua usiku kucha kutulia. Weka rula. Jumla sentimita 9, na mchanga peke yake ni sentimita 6 na kidogo. Yaani theluthi mbili ni mchanga. Huu ni udongo mzuri. Mfinyanzi ndio gundi inayolishika tofali likitoka kwenye mashine, lakini ukizidi unaleta nyufa. Kama chupa yako imejaa mchanga mtupu, tafuta udongo wa kichuguu uchanganye. Kama mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga.

Chupa inakuambia udongo una nini ndani. Kuna kipimo cha pili kinachokuambia uweke saruji kiasi gani, na mafundi wengi hawakifanyi. Tengeneza kisanduku cha mbao, ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake oili au mafuta. Loanisha udongo, ushindilie humo mpaka pembeni, sawazisha juu, kisha uache juani siku tatu. Ukikauka unasinyaa. Sukuma vipande vyote upande mmoja, halafu upime nafasi iliyobaki wazi upande wa pili.

Nafasi ikiwa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya saruji inatosha sehemu 18 za udongo. Kati ya 15 na 30, weka 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, 1 kwa 12. Ukizidi hapo, udongo huo unahitaji mchanga kabla ya kitu kingine chochote. Huu wetu umesinyaa milimita 33, kwa hiyo tunakwenda na 1 kwa 14. Gharama ya kipimo hiki ni mbao moja na siku tatu za kusubiri, na kinakuzuia kumwaga saruji kwa kukisia.

Hatua inayofuata ni kuchekecha. Udongo uwe mkavu. Tumia waya wenye matundu ya milimita 5 au 6, uegemeze kwa mti, rusha udongo kwa koleo. Mabonge yanayobaki nyuma yapondwe, mawe yatupwe pembeni, yatafaa kwenye msingi.

Kuchanganya: natumia ndoo hii ndogo ya lita 10. Ndoo 14 za udongo, ndoo 1 ya saruji. Geuza vikavu kwanza, mara tatu, mara nne, mpaka usione mistari ya kijivu. Ndipo maji, na maji yaje kwa kunyunyiza. Usiyamwage kwa ndoo. Hapa ndipo mkono unafanya kazi kuliko macho. Finyanga donge la ukubwa wa chungwa, nyoosha mkono usawa wa bega, uliachie lidondoke kwenye ardhi ngumu. Tazama. Limevunjika vipande vinne. Hapo maji yametosha. Likisambaa kama unga, ongeza maji. Likibonyea kama ugali bila kuvunjika, umezidisha, ongeza mchanganyiko mkavu.

Mchanganyiko wa ndoo 15 unanipa matofali kama 20. Nafanya kidogo kidogo hivi kwa makusudi, kwa sababu saruji ikishaguswa na maji imeanza safari, na ndani ya saa moja kila kitu kiwe kimeshaingia kwenye mashine. Fundi akichanganya mfuko mzima asubuhi afyatue mpaka mchana, matofali ya mwisho yatakuwa dhaifu, na kwa macho hutayatofautisha na ya kwanza.

Kwenye mashine, siri ni moja: ujazo uleule kila mara. Jaza, bonyeza pembe kwa vidole, kata juu kwa ubao, funika, vuta mpini mpaka mwisho. Usikie ule mlio wa kukaza. Likitoka, lipime kimo kwa rula. Matofali haya hayana udongo wa kujengea wa kusahihisha makosa, kwa hiyo milimita mbili hapa, mara kozi ishirini na tano, yaani mistari ya matofali, ni sentimita 5 za ukuta uliopinda.

Libebe kwa viganja viwili, lipange kivulini juu ya sakafu iliyosawazishwa, ulifunike kwa nailoni. Kesho asubuhi unaanza kulimwagilia, asubuhi na jioni, kwa siku saba, na nailoni irudi kila ukimaliza. Jua la Dodoma na upepo wake ni adui wa hatua hii. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kukaa na maji. Baada ya siku saba unaweza kuyapanga juu kwa juu, lakini usiyajengee mpaka yatimize siku 28. Najua wiki nne zinachosha mtu mwenye haraka ya kuhama nyumba ya kupanga. Chimba msingi wakati huo.

Siku ya 28, chukua matofali mawili bila kuchagua. Yagonganishe, yalie kama chungu kilichoiva. Kisha moja lizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kingo ziwe bado kali, na maji yasiwe matope.

Kujenga kwenyewe ni haraka. Kuta ndefu za nyumba ziangalie kaskazini na kusini, madirisha makubwa yawe huko, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani. Msingi uwe wa mawe, uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, kwani matone ya mvua yakidunda chini ndiyo yanayokula ukuta wa udongo. Kozi ya kwanza ilaze kwenye udongo wa saruji, na uipime kwa pima maji kila tofali, hata ikikuchukua siku nzima. Ikikaa sawa, zinazofuata unazipachika tu, ukikagua kwa timazi. Kwenye pembe na kando ya milango, pitisha nondo kwenye matundu na umimine zege jepesi. Juu ya madirisha funga lenta kuzunguka nyumba yote. Paa litokeze nje sentimita 60 au zaidi, na chini ya bati weka dari, la sivyo ule ubaridi wa kuta hutauhisi.

Sasa naomba mnisikilize kwenye hesabu, kwa sababu kuna jambo husemwa vibaya: kwamba tofali hili lenyewe ndilo linalookoa saruji. Mita moja ya mraba ya ukuta huu inahitaji matofali 33. Mfuko wa kilo 50, kwa kipimo chetu, unatoa kama 70. Kwa hiyo mita moja ya mraba inakula karibu nusu mfuko. Ukuta wa matofali ya mchanga na saruji ya inchi 6 unahitaji matofali kama 10 tu, na fundi mwaminifu anatoa 28 hivi kwa mfuko. Ukihesabu matofali peke yake kwa mita ya mraba, ukuta wa mchanga unaonekana kula saruji pungufu kuliko wetu! Tofauti inakuja baadaye: lile linahitaji saruji ya kujengea, kisha plasta ndani na nje, na plasta pande mbili peke yake inafika karibu robo mfuko kwa kila mita ya mraba. Halafu kuna lori la mchanga. Huu wetu hauhitaji plasta, ukifyatuliwa vizuri unapendeza ulivyo.

Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona mtu amejenga ukuta mzuri hivi, kisha jirani anamwambia unaonekana wa kimaskini, naye anaita fundi wa plasta. Faida yote imerudi kwenye saruji. Kama unataka kuulinda zaidi, piga plasta nyembamba kwenye kozi tatu za chini upande wa nje, na chooni na bafuni kwenye maji ya kila siku. Kwingine uache uonekane.

Jambo la mwisho ni shimo. Nyumba ndogo yenye ukuta wa mita za mraba 100 inahitaji matofali 3,300, na udongo wake umetoka kwenye shimo la mita 3 kwa 3, kina mita 2. Msilifukie. Dodoma tunapata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, tena yote ndani ya miezi michache. Paa la mita za mraba 80 linapokea zaidi ya lita 40,000 kwa mwaka huo, na shimo hili, likijengewa ndani kwa mawe, likapigwa plasta ya kuzuia maji na kufunikwa, linahifadhi sehemu ya maji hayo, pungufu ya lita 18,000 kwa kuwa kuta za mawe nazo zinachukua nafasi. Nimeshalipima lisogee mita 5 kutoka msingi, ili lisiudhoofishe. Gata litapita pale, kwenye ile kona ya jikoni, na bomba literemke moja kwa moja mpaka hapa niliposimama.