Nyekundu Inayotoka Mizizini

Ndugu zangu wabunifu, nimekuja na rangi tatu tu: nyeusi, nyekundu, na ya tatu ni ile ya nyuzi zenyewe, kama ukindu mkavu. Ndizo rangi za t'nalak, kitambaa cha Wat'boli wa Lake Sebu, kisiwani Mindanao, Ufilipino.

Nyuzi zake hutoka kwenye abaka, mmea ulio ndugu wa mgomba. Nyeusi hupatikana kwa kuchemsha majani, nyekundu kwa mizizi. Kabla ya kuchovya, nyuzi hufungwa kwa uzi wenye nta kila mahali ambapo rangi haitakiwi kuingia. Mfumaji hana karatasi ya kufuatisha. Umbo liko kichwani mwake, na wenyewe husema huoteshwa ndotoni na Fu Dalu, roho wa abaka. Marehemu Lang Dulay, aliyetunukiwa mwaka 1998 heshima ya juu ya taifa lake kwa mafundi wa sanaa za jadi, alijua maumbo yapatayo mia moja, likiwemo la mawingu na la kipepeo. Kitambaa kikishatoka kwenye kitanda cha mfumi, husuguliwa kwa kauri, hizi hizi tunazookota ufukweni, mpaka king'ae.

Sasa mtu anakipiga picha, anakikatakata kwenye kompyuta, anakichapa kwenye zulia la kituo cha utamaduni. Kwa Wat'boli, kukikata bila kufuata mila huleta maradhi, na kukiruka kinapofumwa ni mwiko. Naumia nikiona hivyo. Hata njano: kwa Wamaranao, watu wengine wa Mindanao, ni rangi ya ukoo wa masultani, nasi tunaitia kwenye kibao cha maegesho!

Tazameni Cultural Center of the Philippines, Manila, jengo la Leandro Locsin lililofunguliwa 1969. Nje ni zege zito, halina nakshi. Ndani zinaning'inia taa kubwa za capiz, makombe bapa ya chaza ambayo nyumba za zamani za Manila ziliyatia madirishani badala ya kioo. Makombe yale yamebaki na kazi yake ya kupitisha mwanga. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie: kabla ya kuuliza umbo linapendeza vipi, tuulize linaitwaje, lilikuwa na kazi gani, nani kalifuma, na atalipwa nini.

Nina kipande kimoja cha t'nalak hapa. Kipokeeni kwa mikono miwili, mguse pale kauri ilipopita, kisha mkipitishe mpaka safu ya nyuma.