Anza na Shingo: Kutambua Umbo la Kiko cha Briari cha Kiitaliano

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Leo tuna swali moja tu: mtu amekupa kiko cha briari, yaani cha mti wa nundu ya Erica arborea, kilichochongwa kwa mkono Italia, anataka kujua umbo lake laitwaje. Utamjibuje bila kubahatisha?

Tukubaliane maneno kwanza. Bori ni kile kichwa kinachobeba tumbaku. Kwenye bori inatoka shingo, ambayo ni mti uleule mmoja na bori. Kisha unafuata mdakale, sehemu ya ebonaiti (mpira mgumu) au akriliki (plastiki) inayotiwa mdomoni, ambayo hushikwa ndani ya shingo kwa ulimi mdogo. Bori na mdakale ni maneno ya zamani ya wavutaji wa pwani yetu, na yanatosha kabisa kwa kazi hii.

Ukikabidhiwa kiko, jicho litakimbilia bori. Lizuie. Anza na shingo. Chomoa mdakale utazame mwisho wa shingo: ni duara, duaradufu, mraba au almasi? Lakini usichomoe kiko kikiwa bado na joto. Mti huwa umevimba na kuubana ulimi, na ukilazimisha, ama ulimi utakatika ama shingo itapasuka. Subiri kipoe, kisha zungusha taratibu huku ukivuta.

Kwa nini shingo? Chukua bori moja nene lenye mifereji miwili myembamba inayolizunguka chini ya ukingo. Likiwa na shingo ya almasi, hilo ni buldogi. Likiwa na shingo ya duara, ni la Kirodesia. Aliyetazama bori peke yake hana njia ya kuyatofautisha.

Ukoo wa viko vya shingo ndefu na mdakale mfupi ndio unaokosewa zaidi, na humo bori halikusaidii hata kidogo. Shingo ya duaradufu na mdakale unaochongoka polepole mpaka mdomoni: kiko cha Kikanada. Shingo hiyohiyo ikipata mdakale wa tandiko, yaani unaosinyaa ghafla na kuwa bapa baada ya hatua ndogo, huitwa mkata magogo. Shingo ikiwa ya duara na mdakale wa kuchongoka, ni Liverpool. Duara kwa tandiko, ni Lovat. Sasa fikiria mdakale wa asili ulivunjika na fundi akaweka wa aina nyingine: jina lote limebadilika, na kiko hakijui. Pitisha ukucha kwenye kiungo. Kazi ya asili haina ngazi, kwa sababu mti na mdakale vilipigwa msasa vikiwa pamoja. Ukisikia ngazi, au ukiona mhuri wa shingoni umefifia upande wa kiungo tu, shuku mdakale wa kubandikiwa baadaye.

Baada ya shingo, vipimo. Tumia vernia, yaani kipimio chenye taya, pima urefu wa bori kwa nje, upana wake tumboni, upana wa ukingo, urefu na unene wa shingo, kipenyo na kina cha shimo la tumbaku. Umbo la biliadi lina ubavu ulionyooka karibu wima, na shingo inakaribiana kwa urefu na bori. Chungu ni biliadi iliyofupishwa, yenye shimo pana. Tufaa lina tumbo, mdomo wake mwembamba kuliko kati. Dublin huanza nyembamba chini na kupanuka juu, kama pia iliyosimama kwa ncha yake, na mara nyingi shimo lake nalo huchimbwa hivyohivyo.

Tutazame hiki kilicho mezani. Bori urefu milimita 40, upana 47, ukingo 37. Shimo milimita 20 kwa 32. Shingo duara, unene milimita 19, mdakale mfupi uliopinda kidogo. Kwa mbali mtu atasema chungu, kwa sababu ni kifupi na kipana. Lakini tofauti ya tumbo na ukingo ni milimita 10. Chungu hakina tumbo la namna hiyo. Tuko kwenye ukoo wa tufaa lililobonyezwa, na humo kuna wawili wanaogombania: mwanamfalme na mwandishi. Mwanamfalme ana shingo nyembamba, fupi, na mdakale mrefu mwepesi. Shingo ya milimita 19 haiwezi kuwa yake. Hiki ni mwandishi. Anayetaka kujizoeza aweke kiko cha Savinelli, nyumba ya viko ya Italia, namba 313 karibu na namba 320: ya kwanza ni mwanamfalme, ya pili mwandishi, na tofauti utaihisi mkononi kabla hujaipima.

Namba hizo, hata hivyo, ni za nyumba moja. Namba ya Savinelli haina maana yoyote kwenye kiko cha Castello, nyumba nyingine ya Italia. Na zile herufi K zilizopigwa mfululizo kwenye viko vya Castello hazitaji umbo.

Ugumu wa kweli wa viko vya Italia uko kwenye unene. Carlo Scotti alianzisha Castello mjini Cantù mwaka 1947. Giuseppe Ascorti na Luigi Radice walifanya kazi kwake kabla ya kuanza nyumba yao ya viko, Caminetto. Mafundi wa huko Lombardia walichukua maumbo ya Kiingereza wakayanenepesha: shingo nene, kuta nene, ukingo mpana. Kwa hiyo ukitumia chati ya Kiingereza kwa milimita, utakwama. Tumia uwiano: urefu kwa upana, tumbo kwa ukingo, shingo kwa bori. Mji wa Pesaro, alikofanya kazi Giancarlo Guidi wa nyumba ya Mastro de Paja na baadaye ya Ser Jacopo, wamekwenda mbali zaidi, na huko hata uwiano huchezewa kwa makusudi.

Mti wenyewe nao una sauti. Briari hutoka kwenye nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya Erica arborea, nayo huficha vishimo vya mchanga ambavyo fundi hukutana navyo akiwa ameshafika katikati. Hapo hupunguza upande mmoja, na Dublin aliyoikusudia inatoka fupi na yenye kitako bapa. Taja umbo la msingi kwanza, kisha mkengeuko: Dublin fupi, kitako bapa. Usikimbilie kusema ni umbo huria kwa sababu tu ukingo una magamba ya nundu. Jina hilo ni la kiko ambacho bori na shingo yake havirudi kwenye umbo lolote la kawaida.

Mitego miwili ya mwisho. Ukingo ulioungua huweza kuwa umesagwa kwenye msasa, na milimita 4 zikiondoka, biliadi inafanana na chungu. Tazama rangi ya ukingo kama inalingana na ubavu. Kwenye tufaa, tumbo likiwa karibu mno na ukingo badala ya katikati, kuna kitu kimekatwa. Mtego wa pili ni picha. Simu ikikaribia sana hukuza kilicho mbele, na shingo inaonekana fupi kuliko ilivyo. Rudi nyuma kama mita moja, kuza picha kwa lenzi, weka kamera sawa na kati ya bori. Piga ubavu, piga juu, kisha mwisho wa shingo mdakale ukiwa umetolewa. Hiyo picha ya tatu ndiyo watu husahau kutuma, na bila hiyo buldogi na Kirodesia zinaweza kubaki bila jibu.