Mtetemo wa Pikapu Kuukuu na Namna ya Kumpata Mwenyewe: Mhadhara kwa Mafundi wa Magari, Nairobi

Walimu, mafundi wenzangu, madereva, nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, nawashukuru kwa kuniita. Niliombwa nizungumzie ubovu wa magari makuukuu kwa jumla, lakini nimeona kwamba jumla hiyo itatulaza hapa hadi kesho bila ya kutufikisha popote. Kwa hiyo nitazungumzia gari moja, na kasoro moja ya gari hilo, ambayo ilinichukua wiki tatu kuipata ingawa ingeweza kupatikana kwa siku moja kama ningeanza nilipopaswa kuanza.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli ya tani moja iliyopita miaka thelathini barabarani, yenye injini ya silinda nne, giaboksi ya gia tano, na propela ya kipande kimoja, yaani mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi, inayoungana na difu ya nyuma, ile inayougawa mzunguko huo kwa magurudumu. Mwenye gari ni mzee anayeleta viazi Marikiti kutoka Kinangop. Alipoingia katika karakana yangu kule Kariobangi Light Industries hakuniambia gari lina shida gani. Alinisomea vitu alivyokwisha kununua. Tairi nne mpya, magurudumu kubalansiwa mara mbili, tairodi, shokabu za mbele, na raba zote zinazoshikilia injini. “Fundi,” akasema, “kila ninapokwenda naambiwa ni hiki, nakinunua, halafu naondoka na mtetemo wangu vilevile.”

Sisi tulio karibu na Kirinyaga Road, ile ambayo wazee wetu mpaka leo wanaiita Grogan, tuna ugonjwa wetu. Spea ziko karibu mno. Fundi akikwama humtuma kijana, na kijana hurudi na kitu kipya kabla chai haijapoa, hivyo kubadilisha kumekuwa rahisi kuliko kupima. Nakiri kwamba nami nilianza hivyo hivyo: wiki ya kwanza nilifungua magurudumu ya mbele nikakaza beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mtetemo ni hesabu. Kitu kinachozunguka kikiwa na kasoro hulitikisa gari mara moja, au mara mbili, kwa kila mzunguko wake, na kwa bahati njema vitu vinavyozunguka chini ya gari havizunguki kwa mwendo mmoja. Gurudumu lina mwendo wake, propela ina wake, injini ina wake. Ukijua mtetemo unapiga mara ngapi kwa sekunde katika mwendo fulani wa gari, umeshajua ni nani kati ya hao anayepiga, hata kama hujainama chini ya gari.

Hesabu hiyo haihitaji mashine. Tulitia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, tukalisukuma gari mpaka tairi likamaliza mzunguko mmoja, tukapima kwa futi kamba: mita 2.25. Kisha tuliinua nyuma kwa jeki, tukaliweka gari juu ya stendi imara na kuzuia magurudumu ya mbele kwa mawe, tukazungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja huku mmoja wetu akihesabu mizunguko ya propela. Gurudumu likizunguka mara kumi, propela ilizunguka mara 41, maana yake ni kwamba uwiano wa difu ni 4.1. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22.2 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde, na propela huzunguka mara 40 na nusu.

Mwili wa binadamu unaweza kuzitofautisha hesabu hizo bila kufundishwa. Mapigo kumi kwa sekunde huyatikisa mashavu, tumbo na usukani. Unaweza kuyaona kwa macho kwenye maji ya chupa. Mapigo arobaini huyaoni tena, bali kioo cha nyuma huonyesha ukungu na nyayo hupata ganzi. Yakifika themanini, mtetemo unaanza kuwa sauti, mvumo mzito unaojaza kebini na kuchosha masikio. Mzee wetu alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba gari lake “linavuma”. Mafundi wote walimsikia akisema “linatetemeka”, nami nikiwa mmoja wao. Tairi halivumi kwa sababu ya kukosa balansi. Laiti tungelisikiliza lile neno, fedha za tairi nne zingebaki mfukoni mwake, ingawa tairi zenyewe, kusema kweli, zilikuwa zimefika mwisho.

Jumapili moja alfajiri, wakati barabara ya Thika ingali tupu, tulilitoa gari kupita Juja. Spidomita ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo mwendo tuliupima kwa simu. Nilikuwa na kijana mmoja mwanafunzi wangu, naye alikuwa na programu ya kupima mtikisiko katika simu yake, ambayo aliilaza sakafuni mwa kebini. Tukiwa kilomita 80, ikatuonyesha hezi 19. Nilipiga hesabu nikarudia: kitu pekee kinachokaribia mara 19 kwa sekunde katika mwendo huo ni gurudumu likipiga mara mbili kwa mzunguko, karibu 20, na mapigo ya namna hiyo hayavumi. Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa wengi wenu mmeanza kuzitumia programu hizi. Kipimo cha mtikisiko katika simu nyingi huchukua vipimo kama 100 kwa sekunde, na chombo cha namna hiyo hakiwezi kuona sawasawa mtetemo unaozidi nusu ya idadi hiyo. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo huweza kukuzulia namba ya uongo, ambayo ni ile tofauti iliyobaki: 100 ukitoa 81 unapata 19. Simu haikuwa mbovu. Tuliiuliza swali ambalo haikuwa na uwezo wa kulijibu, ikajibu hata hivyo. Maikrofoni ya simu hiyo hiyo, ambayo huchukua vipimo maelfu kwa maelfu kwa sekunde, ingetuambia ukweli.

Kabla hatujafika kwenye maikrofoni, kijana aliguna. Yeye hupiga gita la benga katika sherehe za kwao. “Mwalimu,” akasema, “hii ni waya nene, ile ya juu kabisa, ukiipiga wazi.” Waya hiyo ya gita ikiwa imefungwa sawasawa hulia kwa hezi 82 na kitu. Nikazidisha 40 na nusu kwa mbili: 81. Basi tulikuwa tunatafuta kitu kinachopiga mara mbili kwa kila mzunguko wa propela.

Ningependa kuwaambia kwamba tulishinda hapo hapo, lakini kulikuwa na mtego. Tulikuwa katika gia ya nne, ambayo katika giaboksi hii ni gia ya moja kwa moja, yaani injini na propela huzunguka sawa. Injini ya dizeli ya silinda nne huwasha mara mbili kwa kila mzunguko wa kiwiko chake, yaani mhimili wake mkuu. Maana yake, katika gia ya nne, ngurumo ya injini nayo ni hezi 81 zile zile, na hakuna sikio wala maikrofoni inayoweza kutenganisha wawili hao. Nina hakika kwamba zile raba za injini ziliuzwa kwa sababu hiyo: fundi fulani alisikia mvumo wa injini, na hakudanganyika kuhusu sauti, alidanganyika kuhusu mwenye sauti hiyo.

Njia ya kuwatenganisha ni kubadilisha gia bila kubadilisha mwendo. Katika gia ya tano, ambayo hapa ni 0.85, yaani injini huzunguka mara 0.85 kwa kila mzunguko wa propela, injini hushuka na ngurumo yake inakuwa kama hezi 69, ilhali propela haijui chochote kuhusu mabadiliko hayo kwa kuwa yenyewe hufuata magurudumu. Tulipoingia gia ya tano katika kilomita 80, kijana alisikiliza akasema waya ni ile ile. Kisha, barabara ikiwa imenyooka na hakuna gari nyuma yetu, nikatoa gia kabisa na kuliacha gari litiririke huku injini ikinguruma taratibu. Mvumo ulipungua kidogo lakini haukuondoka. Nasisitiza kwamba injini haizimwi katika jaribio hili, kwa maana ukiizima breki hupoteza msaada wake na unaweza kufunga usukani. Baada ya hayo mawili, injini, klachi na raba zake zote ziliondolewa katika kesi.

Mtu anayepiga mara mbili kwa kila mzunguko wa propela ni nani? Ni kile kiungo chenye umbo la msalaba tunachokiita krosi. Kiungo hiki ni cha kale. Mwitaliano Gerolamo Cardano na Mwingereza Robert Hooke, aliyekufa mwaka 1703, ndio majina yanayotajwa pamoja nacho, na hila yake ilijulikana mapema. Krosi ikiwa imepinda pembe, upande mmoja ukizunguka kwa mwendo usiobadilika, upande wa pili hauwezi kufanya hivyo: huharakisha na kuchelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Katika pembe ya digrii 9, propela inayosukumwa kwa mizunguko 40 na nusu kwa sekunde huwa inapanda hadi 41 na kushuka hadi 40, tena na tena, mara 81 kila sekunde. Huo si ubovu. Krosi mpya kutoka kwenye boksi hufanya hivyo hivyo.

Dawa yake waliokuja kabla yetu waliiweka ndani ya propela yenyewe. Propela ina krosi mbili, na ya nyuma huwekwa ili iharakishe pale ya mbele inapochelewa, ndipo difu ipokee mzunguko uliotulia. Hayo hutimia kwa masharti mawili: pembe za krosi mbili zilingane, na masikio ya propela, yaani zile ncha zake zenye umbo la uma, yanayoshika krosi ya mbele yalale katika bapa moja na masikio yanayoshika krosi ya nyuma. Nazungumzia propela ya kipande kimoja. Zile ndefu zenye beringi ya katikati zina utaratibu wake, na watengenezaji hawafanani, kwa hiyo hapo fungua kitabu cha gari.

Tulilala chini ya gari kwa tochi. Propela hii ina sehemu ya meno inayoteleza ili iweze kurefuka na kufupika. Masikio ya mbele yalikuwa wima. Ya nyuma yalikuwa yameinamia upande, meno mawili nje ya mahali pake. Mzee akakumbuka: krosi ya nyuma ilibadilishwa mwaka uliotangulia, katika karakana ambayo haina haja ya kutajwa. Aliyeichomoa hakutia alama, akairudisha ilipoingia. Mishale miwili ambayo kiwanda kilikuwa kimeigonga kwenye chuma ilikuwa chini ya kutu na matope, tukaiona baada ya kusugua kwa brashi ya waya.

Sasa lilibaki jambo lililokuwa likinisumbua kuliko yote. Mzee alishikilia kwamba gari likibeba viazi linatulia, na mafundi walimcheka, wakisema kila pikapu hutulia ikibebeshwa. Tulipima pembe za krosi. Gari likiwa tupu zilikuwa digrii 9. Tulipopakia magunia kumi na mawili ya kilo 50 zilishuka hadi 5. Ukali wa kuharakisha na kuchelewa hufuata mraba wa pembe, kwa hiyo kutoka 9 hadi 5 hupungua hadi chini ya theluthi moja. Na kwa nini pembe zilikuwa kubwa hivyo? Kwa sababu mzee, kama wanavyofanya wengi wanaobeba mazao, aliongeza springi mbili kila upande wa nyuma, zikaliinua gari. Springi peke yake hazikuleta mvumo mkubwa, kwani pembe zilikua kwa kulingana. Meno peke yake, katika gari la kimo chake cha kiwandani, huenda yangepita bila kusikika. Vilipokutana ndipo kebini ikawa gita.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa nzima. Tulichomoa propela, tukazungusha meno mawili, tukarudisha mishale uso kwa uso, tukatia grisi na alama ya rangi nyeupe ambayo hata asiyejua kusoma ataiona. Nilimshauri mzee atoe springi moja kila upande. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze shamba. Springi zikabaki, na kwa hiyo, gari likiwa tupu, mvumo mwembamba ungalipo, kwa maana propela yenyewe, iliyo kati ya krosi hizo mbili, bado inaharakisha na kuchelewa katika digrii 9 hata kama difu haisikii. Krosi hizo zitachakaa mapema kidogo, na tumekubaliana azilete kutiwa grisi kila mwezi.

Mara ya mwisho alipokuja nilimuuliza kama mvumo uliobaki unamsumbua. Akasema la, anauhitaji: ukifikia sauti ya ile waya ya kijana, anajua amefika themanini. Spidomita mpaka leo hajaitengeneza, na hilo tumegombana.