Jinsi ya kuona IP3 ikifungua ghala la kalsiamu kwenye seli za HeLa

Histamini ikishika kipokezi cha H1 kwenye utando wa seli, protini ya Gq huamsha fosfolipesi C. Kimeng'enya hiki hukata lipidi ya utando, PIP2, ikawa vipande viwili, DAG na IP3. DAG ina mikia ya mafuta, kwa hiyo hubaki utandoni na kuita protini kinesi C. Hiyo tunaiacha leo. IP3 huyeyuka majini, huenda kwenye retikulamu ya endoplazimu, ghala la kalsiamu la seli, na kufungua milango yake. IP3 yenyewe hutaiona. Utasoma kalsiamu.

Seli zako za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, zimeota kwenye kioo chembamba. Osha kwa bafa ya Hepes, pH 7.4, kisha weka Fura-2 AM maikromola 2, rangi inayong'aa tofauti ikishika kalsiamu, na Pluronic F-127 asilimia 0.02, inayosaidia rangi kuyeyuka. Funika zikae gizani dakika 30 hadi 45, joto la chumba; ukizipasha joto la nyuzi 37 kwa muda mrefu, rangi hujificha ndani ya vijumba vya seli. Osha tena, subiri dakika 30. Usiharakishe hapa: AM ni esta inayoiingiza rangi ndani ya seli, na seli isipoikata, rangi haishiki kalsiamu.

Hadubini ipokezane mwanga wa nanomita 340 na 380, usome 510. Lenzi nyingi za kawaida huzuia 340, basi hakikisha yako inapitisha urujuanimno. Uwiano wa mng'ao wa 340 kwa ule wa 380 hupanda kalsiamu ikipanda. Ukipanda wenyewe kabla hujaweka kitu, tupa kioo hicho.

Sasa badilisha bafa: isiyo na kalsiamu, yenye EGTA milimola 1, kemikali inayokamata kalsiamu. Wengi huiruka hatua hii. Kalsiamu ya nje huizidi ya ndani takriban mara elfu kumi; ukiiacha, huwezi kujua iliyopanda imetoka ghalani au imeingia kutoka nje. Lakini usikawie, maana EGTA hukausha ghala polepole. Ndani ya dakika moja au mbili weka histamini maikromola 100. Tazama: uwiano unaruka kwa sekunde chache, halafu unashuka.

Rudia kwenye kioo kipya ukitanguliza U73122, kizuizi cha fosfolipesi C, maikromola 5 kwa dakika tano. Dawa hii si mwaminifu sana. Katika baadhi ya seli humwaga kalsiamu ya ghalani yenyewe. Kwa hiyo linganisha na pacha wake asiyefanya kazi, U73343, na mwishoni weka thapsigajini maikromola 1, inayozuia pampu ya kurudisha kalsiamu ghalani hadi ghala livuje bila IP3. Uwiano usipopanda hata kwa thapsigajini, ghala lilikuwa tupu, na kimya cha histamini hakikuambii lolote kuhusu IP3.