Kipimo Kwanza, Shimesikio Baadaye: Mhadhara kwa Wastaafu wa Tanga

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu na mama zetu, shikamooni.

Barua ya mwaliko ilinitaka niwaeleze ni shimesikio ipi, yaani kifaa cha kuvaa sikioni ili kumsaidia mtu kusikia, iliyo bora kuliko nyingine kwa mstaafu mwenye kipato cha kawaida. Swali hilo naulizwa kila ninapokwenda, na kila mara nalirudisha kwa mwulizaji, kwa sababu halijibiki kabla hatujajua sikio lenyewe limepoteza nini. Mkinionyesha vifaa kumi mezani na kunitaka nichague kimoja, nitakataa. Mkinionyesha chati ya masikio yenu, hapo tutazungumza.

Nianze na maalim mmoja wa Pangani, aliyeniruhusu nimsimulie ilimradi nisimtaje jina. Maalim huyu amefundisha Kurani chuoni kwa zaidi ya miaka 40, na sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Mtoto wa safu ya mwisho akitamka herufi ya Kiarabu sin mahali pa the, maalim alimkatiza papo hapo, hata kama macho yake yalikuwa kwenye ubao wa mtoto mwingine. Miaka michache iliyopita makosa yakaanza kumpita. Watoto ndio waliojua kwanza, kama ilivyo kawaida yao, wakaanza kusoma ovyo kwa sababu hakuna aliyewarudisha. Nyumbani naye akawa anarudia maneno ambayo nayasikia kwa kila mgonjwa wangu: “Sauti naisikia, maneno siyapati.”

Naomba familia zilizopo hapa ziyazingatie maneno hayo, kwa kuwa mara nyingi mzee akiyasema huambiwa kwamba anasikia anachotaka kusikia tu. Huo ni uonevu. Anachosema ni maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa wake. Uzee huanza kwa kula sauti nyembamba, zile za masafa ya juu, na kuziacha sauti nene zikiwa karibu nzima. Irabu zetu, a, e, i, o na u, zina nguvu na nyingi ya nguvu hizo ziko chini. Konsonanti kama s, f, sh, th, t na k ni hafifu na ziko juu. Kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, mzee huyu husikia mwendo wote wa sentensi na kupanda na kushuka kwake, asisikie kile kinachotenganisha fika na shika, au soma na choma. Ndiyo sababu mkimpigia kelele hamumsaidii, kwani mnamwongezea irabu ambazo tayari anazo, na zikizidi zinamuumiza.

Binti wa maalim anaishi Marekani. Huko, tangu tarehe 17 Oktoba 2022, mtu mzima wa miaka 18 au zaidi anaruhusiwa kununua shimesikio dukani bila kupimwa na mtaalamu, ila ni zile zilizokusudiwa kwa wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Binti aliingia dukani, akachagua jozi iliyosifiwa sana, akalipa zaidi ya dola 1,000, akampa ndugu aliyekuwa anarejea nyumbani. Mapenzi yake kwa baba hayana dosari, nami simlaumu. Vifaa vilifika na chaja yake, na vifuniko laini vya mpira vya ukubwa wa aina tatu, na programu ya simu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Maalim alivivaa wiki mbili. Vilipiga mluzi kila kofia ilipovigusa na kila alipoegemeza kichwa kwenye mto, sauti za sahani na za bodaboda ziliongezeka, maneno hayakuja. Wiki ya tatu viliingia kwenye droo ya kabati, na aliona haya kumwambia binti yake. Kila walipozungumza kwa simu alisema vinamfaa sana.

Vilikaa humo karibu mwaka mzima. Alipoletwa kwangu nilianza kwa kuchungulia masikio yake, nikatoa nta iliyokuwa imeziba la kulia, kisha nikampima. Hezi hupima unene na wembamba wa sauti, desibeli hupima nguvu yake. Sauti nene ya hezi 500 aliisikia ilipofika desibeli 30, jambo ambalo kwa umri wake si baya. Sauti ya hezi 4,000 haikumfikia mpaka desibeli 75, na s ya mtu anayezungumza kwa kawaida ni hafifu mno kuliko hapo. Chati yake ilikuwa kama mtelemko wa Lushoto. Jozi ya binti haikuwa mbovu. Iliundwa kwa sikio jingine. Kuongeza sauti nyembamba kwa kiasi alichohitaji, huku tundu la sikio likiwa limefunikwa kwa mpira unaopitisha hewa, ni kukaribisha mluzi, kwa sababu sauti inavuja na kurudi kwenye maikrofoni.

Tulimpa kifaa cha kawaida cha kuvaliwa nyuma ya sikio, kisicho na mapambo, na tukachukua umbo la sikio lake ili atengenezewe kizibo chake mwenyewe kinachokaa barabara. Bei ya vyote ilikuwa chini ya nusu ya jozi iliyolala kabatini. Kompyuta ikasoma chati yake, ikapanga sauti, ikaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Sasa naomba mnisikilize, maana hatua inayofuata ndiyo iliyonileta hapa, na ndiyo inayorukwa katika maduka mengi. Nilipitisha mrija mwembamba laini kando ya kizibo, ukaingia ndani mpaka karibu na ngoma ya sikio, huku kifaa kikiwa kimevaliwa na kimewashwa. Mrija huo hupima sauti inayofika kweli mahali pale. Kompyuta ilikuwa imesema kiasi cha sauti kilichokusudiwa kimefikiwa, lakini mrija ulisema kwamba kwenye hezi 3,000 zimepungua desibeli 12.

Kompyuta haikudanganya, bali ilikadiria. Watengenezaji huweka hesabu ya sikio la wastani, na hakuna mtu humu ndani mwenye sikio la wastani. Tundu la huyu ni refu, la yule ni jembamba, na mwingine ngoma yake ilitobolewa na ugonjwa utotoni. Tena mipangilio ya kiwandani mara nyingi huzipunguza sauti nyembamba ili mnunuzi asishtuke siku ya kwanza na kukirudisha kifaa. Nilizijaza zile desibeli 12, nikapima tena, nikarudia sikio la pili. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Mjukuu wake alikuwa amekuja na juzuu yake ili apitishe muda, nikamwomba asome. Aya ya pili haikuisha, babu akanyanyua kidole: “Rudi. Hiyo ni the, si sin.” Mtoto alinuna kweli kweli, kwa kuwa alikuwa na mwaka mzima wa kusoma bila kurudishwa.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba natetea mkate wangu, kwa kuwa ninayesifu vipimo ndiye ninayelipwa kuvifanya. Ni haki yake kuuliza. Na pengine amesoma kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, wakiongozwa na Larry Humes, walilinganisha waliohudumiwa na wataalamu na waliojichagulia wenyewe, wakaona makundi yote mawili yalinufaika. Ni kweli, na utafiti ule nauheshimu. Lakini wote walioshiriki walipimwa kwanza, wakahakikishwa kwamba upungufu wao ni mdogo au wa wastani, na vifaa walivyojichagulia vilikuwa vya daraja la juu vilivyokwisha kupangwa kwa upungufu wa namna hiyo. Hata vile vipokea sauti vya AirPods Pro 2, ambavyo Septemba 2024 mamlaka ya Marekani iliviidhinisha vitumike kama shimesikio, viliidhinishwa kwa kundi hilo hilo. Kwa hiyo chati ikionyesha upungufu wako ni mdogo, sina ugomvi na wewe ukijinunulia. Ninachopinga ni mtu kujipa daraja bila chati.

Na wala sisemi mnunue cha ghali. Kampuni kubwa za dunia hazizidi tano au sita, nyingi zikiwa Denmark na Uswisi, na kila moja huuza umbo lile lile kwa madaraja matatu au manne ya bei. Tofauti kubwa iko kwenye ujanja wa kupunguza makelele na kubadilika kwenyewe mahali na mahali. Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis waliwavalisha wazee vifaa vya daraja la chini na la juu kwa zamu, vyote vikiwa vimepangwa kwa uangalifu, na katika maisha yao ya kila siku hawakuona tofauti ya maana. Rudieni maneno hayo: vyote vikiwa vimepangwa kwa uangalifu. Uingereza, ambako huduma ya taifa ya afya imekuwa ikitoa shimesikio bila malipo tangu 1948, wazee wengi wanasikia vizuri kwa vifaa vya kawaida vya nyuma ya sikio. Fedha inayozidi itieni kwenye kupimwa na kurudi kurekebishwa.

Jambo jingine ni vile vikuza sauti vinavyouzwa mitaani na mitandaoni kwa bei ya kitenge. Muuzaji huviita shimesikio, lakini sivyo. Kikuza sauti huongeza kila kitu kwa kiasi kimoja, irabu na konsonanti, mnong'ono na honi ya lori, wakati shimesikio huongeza pale palipopungua, huinua sana sauti ndogo na kidogo sauti kubwa, na huwa na ukomo ambao haiuvuki. Kisicho na ukomo kinaweza kuliharibu sikio lililobaki. Muulizeni muuzaji swali moja tu, kwamba je, kifaa hiki kinaweza kupangwa kwa kufuata chati yangu. Akianza kuwaeleza habari za rangi na chaja, ondokeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia upesi.

Kabla ya kununua chochote, mwenye sikio linalotoa usaha, mwenye kizunguzungu, mwenye mvumo wa upande mmoja tu, au aliyepoteza usikivu ghafla, aende kwa daktari wa masikio. Huyo wa ghafla aende siku hiyo hiyo, asingoje Jumatatu. Aliyepungukiwa masikio yote mawili avae mawili akimudu, kwani masikio mawili ndiyo yanayomwambia gari linatoka upande gani. Hapa pwani jasho na unyevu huua vifaa kuliko kitu kingine, kwa hiyo kila usiku kivuliwe, kifutwe, kilazwe ndani ya kopo lenye dawa ya kukausha. Kabla ya kuchagua cha chaja, kumbukeni umeme wa nyumbani kwenu. Cha betri hakingoji umeme. Betri hutambuliwa kwa rangi ya karatasi yake: njano ni 10, kahawia ni 312, ya chungwa ni 13, buluu ni 675, na ukishaibandua karatasi iache betri ipate hewa dakika moja hivi kabla ya kuifunga.

Mnaoletewa vifaa na watoto walioko ng'ambo, waambieni waulize kwanza kama programu yake imefungwa. Baadhi ya maduka makubwa ya huko hufunga vifaa vyao visirekebishwe ila katika matawi yao, na mimi nimewarudisha watu nyumbani wakiwa na mali ya thamani ambayo siwezi hata kuifungua. Pia ulizeni kuhusu siku za majaribio, dhamana ya miaka mingapi, na vipuri vitapatikana wapi, kwa kuwa kifaa kinachotunzwa kinadumu kama miaka mitano. Habari za watoto wadogo, ambazo ni za haraka kuliko hizi zote, nilikusudia kuzieleza na sasa siwezi; mwenye mjukuu asiyegeuka akiitwa anione leo kabla hajaondoka.

Nimekuja na kifaa cha kuchungulia masikio na kompyuta inayosoma shimesikio za kampuni nyingi. Najua baadhi yenu mnazo ndani ya mikoba na mifuko ya makoti, kwa kuwa niliomba mje nazo, na wengine mmeziacha kabatini kwa sababu aliyewanunulia anaamini mnazivaa. Mlio nazo mkononi pangeni mstari upande wa dirisha, na mlioziacha nyumbani jiandikisheni kwa katibu, nitakuwepo hapa mpaka kesho adhuhuri.