Ukuta Upi Ung'ae, Upi Utulie
Mhadhara kwa wanaojenga na mafundi rangi, Kigoma Mjini

Mwakeye! Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya rangi za nyumba. Krimu au bluu bahari, hayo sitayagusa, kila nyumba ina mwenyewe anayeamua na mara nyingi si yule anayelipa. (Kicheko.) Mimi nitabaki kwenye swali ambalo dukani huulizwa ndoo ikiwa imeshafungwa kwenye bodaboda: je, ing'ae kiasi gani?

Hapa kwetu jibu limezoeleka. Mwenye uwezo apake ya kung'aa nyumba nzima, asiye nao apake mati. Mng'ao umekuwa cheo. Nasema hapana. Mng'ao ufuate mikono na mafuta: ukuta unaoguswa na kuchafuka ndio ung'ae, usioguswa uachwe utulie. Nitaeleza kwa nini.

Ndani ya kopo mna unga wa rangi, unga wa kujazia, gundi, na maji au thina inayokuja kukauka. Unga ukizidi gundi, punje zake zinachomoza juu ya uso. Huzioni kwa macho, lakini mwanga unazijua: ukizigonga unatawanyika kila upande, na ukuta unaonekana umefifia. Hiyo ndiyo mati. Gundi ikizidi, inazifunika punje zote, uso unakuwa laini, mwanga unarudi upande mmoja. Hiyo ndiyo glosi. Silki na satini zimekaa katikati. Kwa hiyo unapolipia mng'ao, kwa sehemu kubwa unalipia gundi, na gundi ndiyo inayozuia mafuta na maji yasizame. Ndiyo maana glosi inafutika kwa kitambaa, mati ya bei ya chini ukiisugua inatoka na kitambaa.

Viwandani mng'ao unapimwa kwa chombo kinachopiga mwanga kwa nyuzi 60, na kioo cheusi kilichosuguliwa vizuri kinahesabiwa kuwa 100. Mati kwa kawaida haivuki 10. Satini inacheza kati ya 20 na 35. Glosi yenyewe inaanzia 70. Lakini majina ya kwenye kopo hayana adabu hiyo. Silki ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ndiyo satini ya kingine, kwa hiyo ukiishiwa rangi katikati ya sebule usinunue jina, nunua kopo la kiwanda kilekile.

Sasa tuje kwenye jua letu. Mji huu umeegemea mteremko ukitazama ziwa, na ziwa liko magharibi. Wengi wetu tunafungua madirisha makubwa upande huo, na ni haki yetu, nani ataacha kuitazama Tanganyika? Lakini angalieni kinachotokea. Kwetu jua linazama karibu saa moja, likiwa linaelekea milima ya Kongo. Saa kumi na mbili jioni linaingia dirishani limelala, linapita sambamba na kuta za pembeni. Mwanga wa namna hiyo unafichua kila kitu: mstari wa mwiko, bonde la ubao, kiraka cha fundi umeme alipofukia bomba la waya. Juu ya mati, kasoro hizo zinapoa. Juu ya glosi zinapiga kelele, na mgeni wako amekaa kwenye kochi anazihesabu. Ukitaka ukuta wa namna hiyo ung'ae, kwanza hela iende kwenye puti, ule udongo wa kuziba na kulainisha ukuta, na msasa. Lipu yetu ya kawaida ya mchanga na simenti, iliyopigwa kwa ubao tu, haistahimili zaidi ya silki hafifu, na hapo nimekuwa mpole.

Jikoni mambo yanageuka. Jikoni kwetu mna mawese. Mtu wa mikoani huko ambaye hajapika kwa mawese hajui ninachosema, ila nyie mnajua: tone likiruka kutoka sufuriani likatua kwenye mati, limeshahamia. Rangi ile ya chungwa ya mawese inayeyuka ndani ya mafuta, na mafuta yanazama kwenye vitundu vya mati, basi huko unakofuatia na sabuni wewe unafuatia nini? Ongeza dagaa wa kukaanga, ongeza moshi wa mkaa. Jikoni, na kwenye korido ambako watoto wanapita wakikokota mikono, pakeni satini au silki ya maji inayoandikwa kwamba inaoshwa. Nyuma ya jiko lenyewe, ukiweza, weka marumaru, tuache kubishana na moto. Na ukishapaka, usioshe wiki hiyohiyo. Rangi ya maji ukiigusa imekauka kwa saa chache lakini inakomaa kwa wiki kadhaa.

Kuna bwana pale ananionyesha kidole, anasema jikoni yeye anapiga rangi ya mafuta, habari imekwisha. Sawa, mzee wangu. Rangi ya mafuta inaoshwa kweli. Swali langu ni moja: lipu ina muda gani?

Mama zangu mnaochemsha sabuni mtanisaidia hapa. Mawese ukiyatia kostiki soda unapata nini? (Ukumbi: Sabuni!) Lipu mbichi ya simenti nayo ina ukali wa namna hiyo, kwenye pH, kipimo cha ukali ambacho maji safi ni 7, inafika 12 hadi 13. Ukiipaka rangi ya mafuta ikiwa mbichi na ina unyevu, ukali ule unakula mafuta yaliyo ndani ya rangi, na unachopata ukutani ni sabuni. Sitanii, ni kemia ileile. Rangi inakuwa laini, inanata, inatoa madoa, kisha inabanduka vipande vipande, na lawama zote zinaenda kwa muuza duka. Ipe lipu siku 28 angalau, na masika uipe zaidi. Ukitaka kuhakikisha imekauka, chukua nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kingo zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukikuta umande ndani, weka brashi chini.

Hapohapo niseme juu ya ule mkanda wa chini, kahawia au mweusi, tunaoupiga kwa rangi ya mafuta kuzunguka nyumba kwa nje. Sababu yake naielewa: mvua ikianza, udongo mwekundu unaruka ukutani na krimu inageuka tofali. Lakini nyumba nyingi za matofali ya kuchoma, hasa za zamani kule Ujiji na Mwanga, hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, yanatafuta pa kutokea, yanakutana na ngozi ya mafuta isiyopumua. Ndipo mnaona yale malengelenge. Nje tumieni rangi ya maji ya nje, yenye mng'ao mdogo. Inafukuza tope kiasi na inaruhusu mvuke utoke. Kisha mwaga kokoto mstari wa matone ya bati ili tope lisiruke. Kokoto zile zitakutunzia ukuta kuliko kopo lolote.

Dari ni mati. Jipsamu ina maungio, na sijaona mtu anayeshika dari.

Milango, fremu na grili ni glosi au nusu glosi, hapo nakubaliana na mji mzima. Ila mlango mweupe wa ndani uliopakwa rangi ya mafuta utageuka manjano, hasa pasipofika mwanga. Ni tabia ya mafuta yenyewe. Ukitaka weupe ukae, tafuta nusu glosi ya maji. Na glosi ya nje msiipake jioni: umande wa usiku ukiikuta haijakauka, asubuhi imefubaa.

Vijana mafundi, sasa zamu yenu. Mng'ao unauawa kwenye ndoo. Ukiongeza maji kupita yaliyoandikwa ili ndoo ifike chumba cha tatu, silki inakauka na mabaka, huku inang'aa huku imelala. Na mafuta ya taa kwenye glosi kwa sababu thina ni ghali, acheni: hayaondoki vizuri, rangi inachelewa kukauka na inapoteza mng'ao. Hesabu ni rahisi. Lita moja kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Chumba cha mita 3 kwa 4, kuta za mita 3 kwenda juu, kuta zake ni mita za mraba 42 kabla hujatoa mlango na dirisha. Mikono miwili inakula karibu lita 8. Mwambie mwenye nyumba ukweli huo mapema.

Swali la dada hapa mbele: ameshapaka glosi ya mafuta sebuleni, ameichoka, je, apige silki ya maji juu yake? Inawezekana, si moja kwa moja. Osha kwa sabuni, suuza, acha ikauke. Piga msasa mpaka mng'ao ufe wote, futa vumbi, kisha mkono mmoja wa praima ya kushika, rangi ya kwanza inayofanya ya juu ing'ang'anie, ndipo silki. Kabla ya kumaliza ukuta mzima, jaribu kona moja nyuma ya kabati. Baada ya wiki, ichane kidogo kwa wembe mistari ya kupishana, bandika selotepu, ivute kwa mkupuo. Rangi ikibaki ukutani, endelea. Ikija na selotepu, rudi kwenye msasa.