Leseni ya MHIC Maryland: fundi, anza na makaratasi

Habari zenu mafundi, karibuni tena. Leo nawarekodia nikiwa ndani ya gari, nimeegesha nje ya nyumba ninayopiga rangi hapa Baltimore. Saidia fundi wangu ameenda kula, kwa hiyo nina dakika chache za kujibu lile swali mnaloniuliza kila wiki: leseni ya MHIC inapatikanaje?

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane inamhusu nani. Ukienda kwenye nyumba anayoishi mtu, mkakubaliana bei, ukampigia rangi, ukambadilishia vigae vya bafuni, ukamrekebishia jiko, paa, uzio au hata njia ya gari, hapa Maryland wewe ni mkandarasi. Unatakiwa uwe na leseni ya Maryland Home Improvement Commission, tume iliyo chini ya Idara ya Kazi ya jimbo. Na wale mnaosema "mimi napewa kazi tu na Mhispania mmoja mwenye kampuni", sikilizeni: kama unachukua kipande cha kazi kwa bei yako, unahitaji leseni yako. Asiyehitaji ni aliyeajiriwa, anayelipwa mshahara na mwenye leseni.

Umeme, mabomba, mitambo ya joto na baridi, hivyo vina leseni zake. MHIC haikupi ruhusa ya kugusa waya. Kujenga nyumba mpya toka msingi nako ni usajili mwingine kabisa. Ndugu zetu wa Virginia na DC mna taratibu zenu, hii yetu inaishia mpakani.

Mimi nilifanya kazi bila leseni, sitawadanganya. Nikamtengenezea mtu bafu, vigae vimenyooka ukiweka pima maji haichezi. Akabakiza dola 2,800. Nilipomdai akaniuliza kitu kimoja tu: "Namba yako ya leseni ni ipi?" Nikaenda kwa wakili, akanieleza kwamba mahakama za Maryland hazimsaidii mkandarasi asiye na leseni kudai pesa za mkataba wa namna hiyo. Basi, pesa ikaenda. Na hapo bado nina bahati, kwa sababu kufanya kazi bila leseni ni kosa la jinai: mara ya kwanza tu ni faini ya hadi dola 1,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili.

Haya, hatua ya kwanza, na hapa ndipo nitakaa sana. Tume inataka uonyeshe uzoefu wa miaka 2. Mtu anasikia hivyo anacheka, anasema mimi nimeanza kushika mwiko nikiwa na miaka kumi na sita, kule Mbagala. Sawa kaka, mikono yako naiamini. Tume haiioni mikono, inaona karatasi. Na sisi wengi tunalipwa keshi Ijumaa jioni, mkono kwa mkono, hakuna kilichoandikwa. Miaka mitano ya kazi, ushahidi sifuri.

Kwa hiyo kuanzia leo fungua faili. Weka fomu zako za W-2 kama uliajiriwa, au 1099 kama ulilipwa kama mtu wa kujitegemea. Weka ritani za kodi. Muombe bosi wako, na hata wa zamani, akuandikie barua: ulianza lini, ukaacha lini, ulikuwa unafanya kazi gani hasa. Asiandike "alikuwa mfanyakazi mzuri", hiyo ni barua ya kanisani. Aandike "alipaka rangi, aliweka jipsamu, aliweka vigae, toka mwezi huu hadi mwezi huu". Kama umesoma mambo ya ujenzi chuoni, au umeshawahi kusimamia biashara, vyeti vyake weka humo humo, navyo vinaweza kuhesabiwa.

Hatua ya pili, jina la biashara. Unaweza kufanya kazi kwa jina lako mwenyewe. Ukitaka jina la kibiashara tu, unalisajili SDAT, idara ya jimbo inayosajili biashara, kwa dola 25. Ukitaka LLC, yaani kampuni inayotenganisha madeni ya biashara na mali zako, ada ya kufungua ni dola 100, na namba ya kodi, EIN, mamlaka ya kodi ya shirikisho, IRS, wanatoa bure. Anayekutoza pesa kwa ajili ya EIN anakuuzia hewa. Ila kuna kitu hawakuambii mapema: LLC inatakiwa kupeleka ripoti SDAT kila mwaka kabla ya Aprili 15, na kwa kawaida ni dola 300. Ukisahau, kampuni inapoteza hadhi yake. Na LLC peke yake haitoshi, lazima ndani yake awepo mtu mwenye leseni ya MHIC anayesimamia kazi. Jina utakaloliandika SDAT liwe hilo hilo kwenye bima, kwenye ombi na kwenye mkataba, herufi kwa herufi.

Hatua ya tatu, mtihani. Unafanyika kupitia PSI, kampuni inayosimamia mitihani. Msiuogope. Ni mtihani wa kufungua kitabu, na hauulizi namna ya kuchanganya grauti. Unauliza sheria ya kazi hizi, mikataba, kodi, wafanyakazi, usalama. Kitabu chake ni cha NASCLA, chama cha mamlaka za leseni za wakandarasi, toleo la Maryland. Ngoja niwaonyeshe changu. Mnaona hivi vijilebo pembeni? Nimeweka cha mikataba, cha malipo ya awali, cha bima. Vijilebo viwe vya kudumu, vile ambavyo ukivivuta vinachana karatasi. Vile vya njano vya kubandika na kubandua hawavikubali, mtaambiwa mvitoe mlangoni. Kupigia mstari na kupaka rangi maneno unaruhusiwa, ila fanya nyumbani kabla hujaja. Kiingereza kikikusumbua, hapa ndipo vijilebo vinakuokoa: huhitaji kukariri, unahitaji kujua jibu liko ukurasa gani.

Hatua ya nne, bima na pesa. Bima ya dhima ya biashara sasa inatakiwa ifike angalau dola 500,000. Video nyingi za zamani zitawaambia 50,000, hiyo ilishabadilika mwaka 2024. Pia wanaangalia ripoti yako ya krediti na hali yako ya fedha. Ikionekana dhaifu, unaweza kutakiwa kuweka dhamana au kupata mdhamini. Kwa hiyo usiende kukopa trak mpya mwezi mmoja kabla ya kutuma ombi, jamani.

Baada ya hapo unatuma: ombi, matokeo ya mtihani, bima, ule ushahidi wa miaka 2, na ada. Ndani ya ada kuna mchango wa mfuko wa dhamana, ambao unamlipa mwenye nyumba hadi dola 30,000 kama mkandarasi mwenye leseni amemharibia. Tume ikimlipa mteja kwa sababu yako, itakudai wewe.

Leseni ikitoka inadumu miaka 2. Namba yake iandike kwenye kila tangazo na kila mkataba. Mkataba uwe wa maandishi: kazi yenyewe, bei, tarehe ya kuanza na ya kukamilisha, sahihi. Na advansi usizidishe theluthi moja ya bei. Kazi ya dola 9,000, unachukua 3,000 mwisho. Hata kama mteja mwenyewe anakusukumia nusu, rudisha.

La mwisho, hasa kwa wa Baltimore. Hizi nyumba za kuungana unazoziona nyuma yangu nyingi ni za kabla ya 1978, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kabla hujaanza kukwangua, sheria ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya shirikisho, inataka kampuni iwe na cheti chake na msimamizi awe amesoma kozi ya saa 8. Hicho ni cheti tofauti na MHIC. Hii nyumba ya leo ni ya miaka ya 1920, ndiyo maana mnaona plastiki imetandazwa mpaka barazani.

Saidia fundi huyo anarudi. Ngoja nikapige mkono wa pili kabla ya mvua. Wewe uliyekuwa unatazama, yule bosi wako wa zamani mpigie leo hii akuandikie ile barua, kabla hajahamia Texas.